Seziamu ilizama mno: kosa lilikuwa kwenye vizio

Modeli yangu ilikuwa ikizamisha seziamu-137 (dutu yenye mionzi) mita nzima ardhini ndani ya miaka michache, ilhali vipimo vya udongo usiolimwa Fukushima, Japani, baada ya ajali ya nyuklia ya 2011 vinaonyesha sehemu kubwa imenaswa kwenye sentimita chache za juu. Nikapunguza mvua, nikafupisha hatua za muda, wapi! Hatimaye nikakagua vizio. Mgawo wa unasaji (namba ya jinsi udongo unavyoishika seziamu) niliutoa kwenye jedwali la mita za ujazo kwa kilo: 1. Msongamano wa udongo, gramu kwa sentimita ya ujazo: 1.3. Ili vizio vilingane, yaani sentimita za ujazo kwa gramu, mgawo ulipaswa kuwa 1,000. Nilipousahihisha, kwa unyevu wa 0.3, kigezo cha ucheleweshaji (mara ngapi seziamu husafiri polepole kuliko maji) kiliruka kutoka 5 hadi zaidi ya 4,000, seziamu ikatulia juu. Sifuri tatu tu, jamani.