Gitaa "halina shida yoyote", kumbe shingo ina gundi

Basi bwana, nikaona tangazo la gitaa la mtumba mtandaoni, picha kali, muuzaji kaandika "halina shida yoyote", nami kwa kiherehere changu nikalipa siku hiyohiyo. Boksi likafika, kulitoa tu nikapitisha kidole nyuma ya shingo, pale karibu na kichwa, nikahisi kamstari. Kumulika na tochi ya simu, kumbe ni ufa uliopigwa gundi halafu ukapakwa rangi juu! Picha zote 9 hakuna hata moja iliyoonyesha sehemu hiyo, na hilo ndo lilinikera kuliko ufa wenyewe, maana ufa ulioungwa vizuri unaweza kukaa miaka, ila bei ya gitaa lililovunjika shingo si ile niliyolipa mimi.

Freti (vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) nazo zimelika kidogo, hiyo nikaipotezea. Nikapiga picha ufa nikamtumia kabla sijabadili hata uzi mmoja (ukishaanza kurekebisha atasema umeliharibu wewe). Kwanza akajifanya hajui, mara "nilisahau", mwishowe karudisha nusu ya hela. Gitaa ninalo, linalia vizuri tu, ila kila nikikaza nyuzi macho yote yako kwenye ule ufa.