Kompyuta mpakato 60 na bando lililokwisha saa nne

Jumamosi moja nilipanda nikiwa na seva ndogo begani, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, hadi shule ya sekondari iliyojengwa mlimani, upande wa Ilemela, Mwanza, ambako kompyuta mpakato 60 zilikuwa zimetumika kwa wiki moja tu. Mwalimu wa TEHAMA alinieleza shida kwa maneno machache: "Fundi, bando tunaweka asubuhi, ikifika saa nne limekwisha, na hakuna mwanafunzi aliyesoma chochote."

Kila kompyuta ilikuwa ikijipakulia masasisho yake. Sasisho la megabaiti 500 likichukuliwa na kompyuta 60 ni gigabaiti 30, na zote ni za kitu kilekile. Ndiyo maana huwa nawasihi walimu kwamba mtandao wa shule ujengwe kwanza ndani ya shule, na intaneti iingie kupitia mlango mmoja. Masasisho yapakuliwe mara moja, usiku, yahifadhiwe kwenye seva, nazo kompyuta ziyachukue hapo. Kwenye seva hiyohiyo niliweka Kolibri, programu inayohifadhi masomo na mazoezi ili yasomeke bila intaneti, na tangu hapo kipindi kinaendelea hata bando likiisha.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi ni kuzifanya kompyuta zote zilingane. Sikubali kusanidi moja baada ya nyingine kwa mkono, kwa sababu mtu akifika ya ishirini huwa amekwisha kusahau alichofanya kwenye ya tatu. Huandaa moja kwa uangalifu, nikachukua taswira ya diski yake, yaani nakala kamili ya vyote vilivyomo, kisha nikaimwaga kwenye nyingine kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski. Taswira ya gigabaiti 20 kupitia swichi (kifaa kinachoziunganisha kompyuta kwa kebo) ya megabiti 100 kwa sekunde huhitaji karibu nusu saa. Ukizihudumia kompyuta 20 kwa zamu, utamaliza siku nzima, lakini seva ikiituma kwa zote kwa mpigo mmoja, muda unabaki uleule wa nusu saa. Kazi hiyo ifanyike kwa kebo. Waifai hutuma data inayokwenda kwa kompyuta nyingi kwa mpigo kwa kasi ndogo na bila kuhakikisha kwamba imepokelewa, na nimeona taswira zikiharibika katikati.

Kunakili kuna mtego ambao ulinigharimu siku nzima katika shule nyingine. Kompyuta kumi nilizozinakili ziligombania anwani moja ya IP, ile namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni, moja ikiingia mtandaoni nyingine inatoka, nami nikabadilisha kebo na ruta bila mafanikio. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta hizo, huhifadhi kitambulisho cha kompyuta katika faili dogo liitwalo machine-id, na baadhi ya mifumo hukitumia inapoomba anwani. Mimi nilikuwa nimekinakili pamoja na kila kitu kingine. Sasa huliacha faili hilo tupu kabla ya kuchukua taswira, ili kila kompyuta ijitengenezee kitambulisho chake inapowashwa mara ya kwanza, kisha huipa jina linalofanana na namba iliyobandikwa kwenye kifuniko.

Waifai ilihitaji utulivu. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na vifaa vitatu vya waifai vya shule hiyo vyote vilikuwa kwenye chaneli 6, vikiingiliana. Nilivitenganisha, nikapunguza nguvu ya kila kimoja, na darasa lililojificha nyuma ya majabali nikalipa kifaa chake. Jengo la maabara lilikuwa mbali kupita mita 100, kikomo cha kebo ya kawaida ya mtandao, na hata lingekuwa karibu nisingependa kutandaza shaba nje katika ukanda huu wa Ziwa Victoria wenye radi nyingi kiasi hiki. Nililiunganisha kwa nyuzi za kioo, ambazo hazipitishi umeme.

Kabla sijashuka mlimani nilimwomba mwalimu aifute kompyuta namba 17, kisha airejeshe mwenyewe kutoka kwenye seva. Alitumia dakika 40, akisoma hatua alizoziandika kwenye daftari lake, nami sikugusa kibodi.