Gari lililovuta kushoto

Kwa wiki mbili mfululizo gari langu katika Vigilante 8, mchezo wa mapigano ya magari uliotoka mwaka 1998, lilikuwa likivuta kushoto hata nilipoondoa kidole kwenye kijiti cha pedi ya PlayStation. Katika mbio za kawaida ningevumilia, lakini katika mchezo huu bunduki hupiga mbele ya gari, hivyo gari likipinda kidogo tu, risasi humpita adui. Mpwa wangu alidai kwamba nimezeeka.

Nilibadilishana naye pedi, na ugonjwa ukamhamia yeye. Kwa hiyo diski na mashine havikuwa na kosa.

Chini ya kijiti kuna potenshiometa mbili, moja ya mlalo na nyingine ya wima, ambazo hutambua mahali kilipo kijiti kwa kubadilika kwa ukinzani wa umeme, na uchafu ukiingia humo, kipimo cha katikati huhama. Kwetu Ngamiani, hapa Tanga, madirisha hukaa wazi mchana kutwa kupokea upepo wa bahari, kwa hiyo nilishuku vumbi lenye chumvi.

Kupuliza hakukusaidia kitu. Nilifungua pedi, nikadondosha matone mawili ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ile wanayoitumia mafundi simu (marashi hayafai, nilikwisha kujaribu), nikazungusha kijiti mara nyingi pande zote, kisha nikaiacha pedi wazi kwa saa nzima ikauke.

Gari likanyooka. Mpwa wangu sasa anataka nimsafishie na pedi yake.