Nilivyolidanganya dodoso la saikolojia, kisha nikalirudia kwa ukweli

Mgongo ulinianza mwaka 2019, msimu wa sare za shule, na haujaacha. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Nimepigwa picha, nimechomwa sindano, nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likaharibika. Daktari wa mifupa aliponiandikia rufaa kwenda kwa mwanasaikolojia, nilitoka kwake na hasira. Niliona ananiambia kwa adabu kwamba najisingizia.

Wifi yangu ndiye aliyemalizia: "Ukisema una huzuni wanakuandika kichaa, na dawa za maumivu hupewi tena. Wewe sema mgongo tu." Nimeshauriwa mengi mabaya, hata kulala kwenye ubao mtupu, lakini hili lilinigharimu kuliko yote.

Siku ya kwanza nikaulizwa maumivu yangu ni ngapi, kuanzia 0 hadi 10. Nikaandika 10, nimekaa kitini, pochi mapajani. Likafuata dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula. Nikazungushia 0, yaani hakuna kabisa, kote, hata kwenye usingizi, mimi ambaye kila saa nane za usiku nilikuwa macho nikitazama dari. Mwanasaikolojia, binti mdogo kwangu, akaisoma karatasi yote kisha akauliza, "Mama, maumivu ni 10 kwa miaka minne, na usiku unalala vizuri?" Nikakosa jibu. Machozi yakanitoka.

Hakunisuta. Alisema kupima moyo si kuukana mgongo. Akanieleza kwamba mwaka 1965 watafiti wa maumivu, Melzack na Wall, walitoa nadharia kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango la kupitishia maumivu, na ubongo nao una mkono kwenye lango hilo. Hofu inaweza kulipanua. Kisha akaniambia niandike maumivu yangu kwa wiki mbili, nirudi.

Hapo nilifanya jambo ninalojivunia mpaka leo. Namba tupu hazikuniingia akilini, nikazipa maana za kazini. 3: nashona gauni zima bila kuinuka. 5: nainuka kila nikimaliza pindo. 8: siwezi kuinama kufunga viatu, naenda na ndala. Nikaandika kwenye daftari la oda, kando ya jina la mteja, pamoja na nilichokuwa nawaza saa ile. Wiki ya pili nikaona kitu. Siku za wateja wanaodai nguo zilizochelewa ndizo zilizokuwa 8, hata kama cherehani sikuigusa. Siku ya harusi ya mpwa wangu nilisimama kutwa, na ilikuwa 5.

Safari hii nikajibu kweli. PHQ-9 ikatoa 14 kati ya 27, yaani dalili za sonona za kiwango cha kati. Hakuishia kwenye jumla, maana uchovu na kukosa usingizi vinaweza kuletwa na maumivu yenyewe. Aliuliza, "Kinachokuamsha ni mgongo au mawazo?" Mgongo uliniamsha, mawazo yakaninyima kurudi usingizini. Swali la 9, la kufikiria bora ungekufa, niliandika 1, yaani siku kadhaa, mkono ukitetemeka. Hakuna aliyenifungia popote. Aliniuliza taratibu kama nimepanga lolote, nikasema hapana, tukakubaliana nimwambie mume wangu, nikamwambia usiku uleule. Kama wazo hilo unalo, usiweke 0. Liseme.

Kulikuwa na karatasi nyingine, sentensi 13 za jinsi mtu anavyoyawazia maumivu yake. Nilipata 37 kati ya 52, yaani nilikuwa nayawazia kwa hofu kubwa. Na katika mazungumzo ikagundulika kwamba sijainama kwa karibu miaka miwili. Mkasi ukianguka namwita mwanafunzi wangu auokote. Kumbe picha ilionyesha pingili zimechakaa kidogo tu, hakuna cha kunikataza kuinama. Nilijikataza mwenyewe.

Nikapewa amitriptilini kidogo ya usiku, dawa ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutumika pia kwa maumivu, mazoezi ya kuinama hatua kwa hatua, na vikao vinane vya mazungumzo. Kila kikao kilikuwa elfu kumi na kitu, ukiacha nauli. Kwenda peke yako ni sawa, ila daftari usisahau.

Mgongo bado unauma, siku nyingi ni 4. Mwanafunzi wangu bado anawahi kuokota mkasi kabla sijasogea. Nimemkataza.