Nilivyopeleka mchezo wa kurasa 62 Bagamoyo nikarudi na 41

Naanza na hela maana kila ninayemsimulia anauliza hilo kwanza. Tulikuwa waandishi saba wa michezo ya kuigiza, tumekutana Bagamoyo ili michezo yetu isomwe kwa sauti na tuiandike upya, hamna mfadhili, kila mtu kachanga cha kwake, tukalala wawili wawili kwenye nyumba ya kupanga, chakula akatupikia mama mmoja wa hapo mtaani, na wanafunzi wa sanaa waliokuja kutusomea michezo yetu tukawapa nauli na chakula cha mchana. Siku tano. Gharama iliyoniuma ni kopi. Skripti yangu ilikuwa kurasa 62, nilihitaji kopi nane, steshenari ukurasa shilingi 100, karibu elfu hamsini yote imeishia kwenye karatasi, na ilipofika siku ya tatu zaidi ya nusu ya hizo karatasi hazikuwa na kazi tena. Kwa hiyo anayetaka kufanya kitu kama hiki asitoe kopi za mchezo mzima siku ya kwanza, atoe sehemu ya kwanza tu, zingine zisubiri.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu nafundisha fasihi. Tamthilia kwangu ilikuwa kitu cha mtihani, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, msimamo wa mwandishi, mtoto anakariri anajibu anafaulu anasahau. Na ukifundisha hivyo miaka yote, bila kujua unaanza kuandika hivyo hivyo, unakaa chini unajiuliza ujumbe wangu ni nini halafu ndo unatafuta watu wa kuja kuusema. Mchezo wangu unahusu mama mjane anayekaanga samaki, mwanae wa kiume ni mvuvi kwenye boti ya mtu, na yeye mama kila asubuhi anagombania samaki pale pale boti ya mwanae inapotua. Habari yenyewe naijua ya ndani kabisa, mama mdogo wangu amekaanga samaki Bagamoyo tangu mi niko darasa la pili, likizo zangu zote zilikuwa kwenye moshi wa lile karai. Lakini nilivyoiandika ikatoka kama majibu ya mtihani.

Nilitoka Moro alfajiri, Chalinze, Msata, halafu ile lami ya kushuka Bagamoyo, saa sita mchana niko pale. Kwa nini Bagamoyo na sio Dar ambako nusu ya wenzangu wanaishi? Kwanza Dar mtu anaaga mara moja anapotelea kwenye foleni hadi jioni. Pili wasomaji wako hapo hapo, mji mdogo lakini Chuo cha Sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, vijana wa maigizo unawakuta mpaka kwenye vibanda vya chipsi, ukimwambia mmoja unatafuta watu watano wa kusoma skripti wanakuja kumi.

Aliyetuongoza ni kaka mmoja mtu wa jukwaa wa siku nyingi, na utaratibu wake alituambia wazi kautoa wapi. Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Waterford, jimbo la Connecticut, pale kuna kituo cha maigizo cha Eugene O'Neill tangu 1964, waandishi wanakwenda na michezo ambayo haijaiva, waigizaji wanaisoma skripti zikiwa mkononi, hamna mapambo hamna maleba, mwandishi anasikiliza, anarudi chumbani anaandika upya. August Wilson, mwandishi wa michezo wa Marekani, alikataliwa pale mara kadhaa, akapokelewa 1982 na mchezo wake Ma Rainey's Black Bottom, na mwaka 1984 mchezo huo ukawa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York. Kaka alipotusimulia hayo mi nilichoshika ni zile mara kadhaa za kukataliwa. Alituma, wakakataa, akatuma tena. Nina skripti mbili nyumbani nilizozifungia kwenye begi baada ya kukataliwa mara moja moja tu.

Sheria zetu zilikuwa chache. Mchezo wako ukisomwa wewe unakaa nyuma, huongei, hufafanui, hata msomaji akikosea kutamka unanyamaza. Wakimaliza watu wanajibu vitu vitatu, umesikia nini, wapi akili yako ilitoka nje, na unataka kujua nini zaidi. Hairuhusiwi kumwambia mtu "mi ningekuwa wewe ningeandika hivi". Mwanzoni nilidhani hii ya mwisho ni adabu tu, kumbe ndio roho ya shughuli nzima, maana watu saba wakikupa miisho saba ya mchezo wako hutakuwa na mchezo tena, lakini watu saba wakikwambia walichoka ukurasa wa 14, unakwenda kuangalia ukurasa wa 14.

Na mi nilikwenda kuangalia ukurasa wa 14. Pale Bi Tatu, huyo mama wa kwenye mchezo, alikuwa na maneno ukurasa mmoja na nusu, tangu mumewe afariki, ada za watoto, ndugu wa mume waliochukua kiwanja, bei ya mafuta ya kupikia. Nilikuwa naipenda sehemu hiyo kuliko zote, niliiandika usiku nikiwa na machozi. Aliyesoma ni binti wa mwaka wa pili, sauti nzuri sana. Akaanza, akaenda, kufika katikati pumzi ikamwishia, akasimama, akameza mate, akaangalia karatasi. Sekunde tatu hivi za kimya. Na hapo hapo kwenye kimya dada mmoja akasema taratibu, "Maskini." Binti akavuta pumzi akaendelea na maneno yangu, na yule dada aliyesema maskini akaanza kuangalia simu. Niliona kwa macho yangu. Kilichomgusa ni mama aliyeishiwa pumzi, nilichoandika mimi ndo kilimtoa.

Usiku ule sikulala, nilijaribu kufupisha, ukurasa na nusu nikaufanya nusu ukurasa, bado ilikuwa hotuba, hotuba fupi.

Asubuhi nikamwomba yule binti twende soko la samaki, lile la pale ufukweni, twende tu tukasikilize. Madalali wameshaanza, samaki wamepangwa mafungu, ndoo za vibua zimekaa pembeni, akina mama wa kukaanga wamesimama na ndoo zao tupu. Tumekaa zaidi ya saa nzima na hakuna mama hata mmoja aliyesema maisha magumu. Wanasema bei. "Ongeza." "Hao jana." "Nipunguzie nimalizie." Basi. Halafu binti akanigusa akasema, Mwalimu, muangalie yule. Mama mmoja mtu mzima, dalali anaita bei inapanda, yeye kageukia baharini, kashika ncha ya kanga yake palipo na fundo, kafungua, kahesabu noti kwa kidole gumba bila kuzitoa, kafunga tena. Bei ikapanda. Kafungua tena, kahesabu tena. Hela zile zile. Akafunga, sasa kwa meno, akakaza.

Nilirudi nyumba ya kupanga nikafuta ukurasa na nusu wote. Badala yake nikaandika mnada. Dalali anaita, bei inapanda kutoka kumi na tano, Bi Tatu anafungua fundo mara tatu, ndani ana elfu ishirini na nne na watazamaji wanajua kwa sababu mara ya kwanza anahesabu kwa sauti. Mwanae kasimama kwenye maji anashusha samaki, anamuona mama yake, hawezi kusema kitu maana samaki sio wake, ni wa mwenye boti. Bi Tatu ana neno moja tu, "Naongeza." Kwenye elfu ishirini na mbili anapata ndoo, anabaki na elfu mbili ambayo mafuta hainunui. Mambo yote ya marehemu na ada na kiwanja nikayatoa. Jioni tulipoisoma, yule binti alikuwa na neno moja na kanga, na chumba kizima kilikuwa kinahesabu naye, hamna aliyeangalia simu.

Siku ya nne ilinyesha. Darasa tulilokuwa tunasomea ni bati juu, mvua ilipokaza huwezi kumsikia mtu wa pembeni yako, na tulikuwa tunasoma sini ambayo dada mtu anamnong'oneza kaka yake siri. (Vijana wote wanasema sini, mi bado naandika onyesho, tumekubaliana kila mtu abaki na lake.) Ikafa kabisa. Nilitaka kuomba tusubiri mvua ikatike, halafu nikajiuliza huu mchezo utachezewa wapi? Sina ukumbi wa viti na taa, nikipata bahati ni uwanja wa shule au hapo sokoni, kuna bodaboda, kuna mnadi wa spika, kuna watoto. Kunong'ona huko hakufiki hata mstari wa pili. Siri nikaigeuza, dada anamwekea kaka ufunguo wa kisanduku cha mama kwenye kiganja mbele ya kila mtu na kukifunga kile kiganja kwa mikono miwili.

Kuna jambo moja lazima niliseme ingawa ni mtu ninayemheshimu. Mwenzetu mmoja anayefanya sana michezo ya miradi alinifuata pembeni akasema hapo kwenye deni la mafuta weka ujumbe wa vikundi vya kukopeshana, utapata hela ya kuuzungusha vijijini. Simlaumu, michezo ya namna hiyo imewalisha wasanii wengi na kuna iliyofanyika kwa akili kubwa, miaka ya 80 akina Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanakwenda vijijini, mpaka Msoga huku jirani, wanakaa na wanakijiji na wanakijiji wenyewe ndo wanatengeneza mchezo kutokana na shida zao. Lakini hapo ujumbe ulitoka kwa wenye shida. Huu anaotaka mwenzangu unatoka kwa mwenye hela, na mi ndo kwanza nilikuwa natoka kumfundisha Bi Tatu kunyamaza, nimrudishe tena awe bango? Nilikataa. Tumebaki marafiki.

Siku ya mwisho tukaenda kusomea pale pale ufukweni, alasiri, mnada umeshaisha, madalali wachache wamekaa chini ya kivuli wanacheza bao. Mama mdogo alikuja na wenzake watatu, hawajanawa, mikono inanukia samaki, wakakaa kwenye ndoo walizozifudikiza. Vijana wakaanza mnada. Dalali wetu akaita ishirini na mbili, Bi Tatu akasema naongeza, na dalali alipotaka kumpa ndoo, mama mmoja kati ya wale wenzake na mama mdogo akanyoosha mkono akasema, "Ngoja kwanza, vibua ndoo nzima kwa ishirini na mbili? Miaka ipi hiyo? Sema thelathini." Wengine wakaitikia thelathini, na mmoja wa wacheza bao kule nyuma akapaza sauti, "Thelathini mara ya kwanza!"

Kijana aliyekuwa dalali aliniangalia. Sheria inasema siongei, sikuongea. Akameza mate, akasema, "Thelathini mara ya kwanza." Na binti akafungua fundo la kanga. Ana ishirini na nne. Kwenye karatasi yake anatakiwa kushinda na hawezi kushinda, akabaki kashika ile ncha ya kanga, watu wote kimya, hata bao limesimama.

Mama mdogo ndiye aliyevunja kimya, tena hakumwambia mtu yeyote, aliongea kama anaongea na ndoo yake. "Si achange na mwenzie. Watagawana chini kwa chini."

Miaka yote ile ya likizo nimekaa pembeni ya lile karai na sikuwahi kuandika kwamba mama mdogo alikuwa hanunui peke yake. Kwenye mchezo wangu Bi Tatu hakuwa na mwenzie hata mmoja, nilimfanya mpweke ili aonewe huruma. Usiku ule nikaandika jirani yake, mama mwenye elfu tisa, mwenye mdomo, ambaye hawaelewani naye tangu msiba. Sini tatu zikafa na mbili zikazaliwa, na nilipohesabu kwenye gari la kurudi Moro nilikuwa na kurasa 41.

Sehemu ya pili bado haijakaa. Wakishagawana samaki wanagawanaje mafuta, nani karai lake linatumika, hilo sijalijua. Likizo ya Desemba nashuka kwa mama mdogo wiki mbili, daftari moja tu, kopi nitatoa baadaye.