Shangazi na Kikundi cha Dar

Ilikuwa 1995, wakati TOT na Muungano, vikundi vikubwa vya sanaa za maonyesho, wanatambiana huko Dar es Salaam, kikundi kingine kidogo cha aina yao kikaja Tanga. Gari la matangazo lilishinda likizunguka Ngamiani: ngoma, sarakasi, vichekesho, nyoka hai na taarab. Shangazi hakusikia ila hilo la mwisho. Akajitanda doti mpya, akafunga noti za kutuza kwenye pindo la kanga, akaniita, "Mwanangu, nisindikize."

Yeye alikuwa mtu wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa hapa Tanga. Kwake taarab ni kukaa kitini, magitaa yaanze taratibu, Shakila aimbe, na wewe usubiri. Fumbo halimtaji mtu. Mpaka mwanamke mmoja anyanyuke, aende kwa madaha kumtuza mwimbaji, na wakati wa kurudi apite makusudi mbele ya kiti fulani. Hapo ukumbi mzima umeshajua nani kasemwa, na kesho yake kisimani hakuna salamu.

Huku tukaanza na kwaya ya kuisifu nchi. Shangazi akapiga miayo. Sindimba, ngoma ya kukata viuno, ilipokuja akaangalia pembeni, maana kakaa na mimi, mtoto wa kaka yake. Igizo la mlevi na mkwewe lilimchekesha, ingawa hakutaka nione. Saa sita usiku, taarab bado! Ndipo nilipoung'amua ujanja wao: taarab wanaibana mwisho ili mtu asiondoke, na bia ziendelee kuuzwa. Kila kipande kifupi, ukichoshwa na hiki kinaingia kile. Mimi, kusema kweli, sikuchoka hata kidogo.

Taarab ikaja, mpasho mtupu, waimbaji wakiwarushia vijembe vya waziwazi wapinzani wao wa Dar, watu ambao sisi hatuwajui. Vijana wakajaa mbele wakicheza, watu kumi kwa mpigo wanamtuza mwimbaji. Shangazi akashika pindo lake.

"Sasa nikinyanyuka mimi, nani atajua namjibu nani?"

Hakunyanyuka. Wakati wa kutoka alipita nyuma ya jukwaa, akamkuta yule kijana mwembamba wa sarakasi aliyesimama juu kabisa, mabegani mwa wenzake, anakula mihogo. Akamfungulia noti zote.

"Wewe ndiye uliyefanya kazi," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Na kiingilio changu utanirudishia wewe."