Skrini ya Baba

Jumapili, usiku

Leo jioni nimekaza skrubu mbili za plagi ya bluu nyuma ya skrini. Tangu Februari, hii ndiyo mara ya kwanza kompyuta ya marehemu Baba na ya kwangu kutumia kioo kimoja bila mtu kuinama chini ya meza kuchomoa waya.

Kwetu ni Walukuba, hapa Jinja, mtaa wa watu wa makabila mengi waliokutanishwa na viwanda na kuelewana kwa Kiswahili. Baba alikuwa mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana. Daftari lote la chama limo kwenye kompyuta yake: nani kachanga, nani kafiwa, nani kasaidiwa nini. Nilipoiwasha baada ya arubaini nilikuta mafaili manne tu yamepangwa mbele, matatu ya chama na la nne tupu kabisa, limeitwa NYEUPE. Nikayaacha kama yalivyo. Programu yake ni ya zamani na imekataa kufunguka kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo kuhamisha daftari haikuwezekana. Nami kazi yangu ni kutafsiri, mchana kutwa nimo kwenye maandishi. Basi tukabaki na mashine mbili, meza moja, skrini moja.

Wameniambia ninunue skrini ya pili. Meza ni ndogo, hilo kweli, lakini sababu yangu ni nyingine. Skrini hii Baba aliifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chake cha pamba, na sitaki iende kukaa kwenye boksi.

Ni ya inchi 19, nukta 1280 kwa 1024, zile za umbo la karibu na mraba zilizojaa maofisini zamani. Nyuma ina matundu mawili ya waya wa picha, la VGA, la zamani, ambalo ndilo la ile plagi ya bluu, na la DVI, lililokuja baadaye. Kompyuta ya Baba ina VGA peke yake, yangu ina HDMI peke yake, tundu la kompyuta za siku hizi. Mimi nilidhani lazima zote mbili zilinganishwe kwanza, ndipo zifike kwenye skrini. Nikanunua kiboksi cha swichi cha VGA na, kwa ajili ya kompyuta yangu, kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda VGA.

Anayekumbuka mwaka 2015, tulipokuwa tunahama kutoka analojia kwenda dijitali, anakijua kigeuzi hicho kwa jina jingine: king'amuzi. Televisheni ya zamani haikuweza kusoma matangazo mapya, ikawekewa kifaa cha kuifasiria. Kigeuzi nacho kina chipu inayopokea namba na kuzigeuza kuwa volti za kupanda na kushuka, nyekundu kwenye waya wake, kijani wake, buluu wake. IBM ilipoleta VGA mwaka 1987 skrini zilikuwa za chupa, na mwale wa elektroni ndani yake ulizifuata volti hizo moja kwa moja. Skrini bapa haina mwale. Ikiletewa volti, inabidi izigeuze tena kuwa namba. Kumbe maandishi yangu yalikuwa yanatafsiriwa kwenda, kisha yanatafsiriwa kurudi, na anayeishi kwa kazi hii anajua kinachopotea njiani. Kila herufi ilivaa kivuli upande wa kulia. Saa moja tu, macho yananiuma.

Upande wa Baba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kompyuta yake haikutaka kuvuka 1024 kwa 768, na kwa umbo la skrini hii herufi zilivutwa zikawa ndefu, nyembamba, zenye ukungu. Mama alijaribu kusoma majina ya wanachama akashindwa. Siku hiyo niliumia sana.

Nikaibeba kebo na kiboksi hadi kwa fundi mmoja jirani na Main Street. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, kompyuta haiijui skrini yake." Akanieleza kwamba skrini hujitambulisha. Ina taarifa fupi ya baiti 128, huitwa EDID, inayoeleza ni ya nani na inaweza nukta ngapi, na taarifa hiyo hupita kwenye pini ya 12 na ya 15 za plagi ya VGA. Akachukua mita akapima. Pini ya 15 ikalia. Ya 12, kimya. Kebo iliyokuja na kiboksi ilikuwa na pini pale, lakini nyuma yake hapakuwa na waya uliofika. Kompyuta isipojibiwa hujiwekea kiwango cha chini ili isikosee. Nilimshukuru kwa kupima, maana watatu kabla yake walikisia tu, na mmoja alinishauri nitupe skrini.

Nikamtolea na kiplagi cheupe cha DVI kwenda VGA nilichojaribu kukichomeka kwenye skrini kikanishinda kuingia. Akanionyesha pini nne ndogo zilizozunguka ulimi wake bapa. Hizo ndizo hubeba analojia, yaani zile volti. DVI, iliyotoka mwaka 1999, ina matundu ya aina mbili, lenye nafasi za hizo nne na lisilo nazo. La kwangu halina. Ningekisukuma kwa nguvu ningelivunja.

Ndipo akaniuliza, "Skrini ina matundu mawili na kompyuta ni mbili. Mbona unazipitisha zote tundu moja?"

Nilikaa kimya. HDMI na DVI ni ndugu wa damu, picha husafiri kwa ishara zilezile, tofauti ni umbo la plagi. Kebo ya kawaida ya HDMI kwenda DVI inatosha, bila chipu katikati. Sauti ndiyo ambayo kwa kawaida haipiti humo, na spika nimezichomeka kwenye kompyuta yenyewe. Kibodi na kipanya nimewekea swichi ndogo ya USB. VGA ya Baba imebaki VGA, kwa kebo nzima ya shilingi 15,000. Kuhama kutoka kwangu kwenda kwake ni kubonyeza kitufe kilicho pembeni ya skrini, ambacho kilikuwepo siku zote.

Kimebaki kitu kimoja. Kwa VGA skrini lazima ijitafutie yenyewe kila nukta inapoanzia, na kwa ukubwa huu hupima mara milioni 108 kwa sekunde. Ikiteleza kidogo, picha husogea kushoto na herufi hutetemeka. Kuna kitufe cha kuirekebisha, lakini hutafuta kwanza kingo za picha, na programu ya Baba ni nyeusi kote, kama vile picha haina mwisho. Nimebonyeza mara tano leo bila mafanikio. Fundi akaniambia kwa simu: fungua kitu cheupe, kijaze kioo chote, ndipo ubonyeze.

Nikalifungua lile faili la nne. Likajaa kioo chote. Nikabonyeza, picha ikatikisika, ikatulia. Kisha nikafungua daftari, nikamwita Mama aje na miwani yake.